Pima Kabla ya Kuteremka Grogan

Mlima wa Waiyaki Way kutoka Kangemi kuelekea Uthiru haufichi ugonjwa wa gari. Pikapu ya dabo kebini iliyo nzima, hata yenye mzigo, huupanda gia zikipokezana bila mshtuko. Iliyo mgonjwa, injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, ila mwendo haupandi nao. Taa ya manjano yenye umbo la injini imewaka kwenye dashibodi, gia imeganda kwenye ya tatu, na matatu zinapiga honi nyuma. Dereva, hata kabla hajapata mahali pa kuegesha, amekwisha kutoa hukumu: giaboksi imekufa.

Mara nyingi haijafa. Giaboksi ya otomatiki ya siku hizi hupokea amri kutoka kwa kompyuta yake ndogo, kisanduku cha alumini au plastiki kinachotosha kiganjani, ambacho katika magari mengine kimefungwa pembeni mwa injini, katika mengine chini ya dashibodi, na katika mengine kimezamishwa ndani ya giaboksi yenyewe, kinaogelea katika mafuta. Kompyuta hiyo husoma kasi ya shafti inayoingia na inayotoka, joto la mafuta, mahali ilipo leva ya gia na nguvu inayotolewa na injini. Kisha inafungua na kufunga vali za umeme, solenoidi kama mafundi wanavyoziita, ili mafuta yasukume klachi inayotakiwa kwa wakati unaotakiwa. Ikinyamaza, solenoidi hukosa umeme, na giaboksi hubaki na gia moja ya mbele, mara nyingi ya tatu, pamoja na ya kurudi nyuma. Waundaji waliipanga hivyo makusudi, ili mtu ajikokote hadi nyumbani badala ya kulala njiani.

Kwa hiyo gari lililoganda kwenye gia ya tatu linaweza kuwa na giaboksi nzima kabisa. Linaweza pia kuwa na kompyuta nzima kabisa, na shida ikawa ni boliti moja ya ethi, yaani ya waya unaorudisha umeme kwenye bodi, iliyoshika kutu. Gharama za mambo hayo matatu haziko karibu hata kidogo. Kusafisha boliti ni malipo ya fundi tu. Kufungua giaboksi ni pesa za kumfanya mtu auze ng'ombe. Katikati ndipo ilipo kompyuta, na hapo ndipo Nairobi inapopoteza pesa, kwa kuwa mji huu una mazoea ya kununua kwanza na kupima baadaye.

Mazoea hayo yana asili yake, wala si ya kudharauliwa. Pikapu zilizoijenga biashara ndogo ya Kenya, Peugeot 404 na 504, Toyota Stout, Isuzu KB, zilikuwa magari ya kusikilizwa. Fundi aliweka sikio kwenye kifuniko, akashika kwa mkono, akasema beringi hii imekwisha, ukanunua beringi, gari likaondoka. Kubadilisha kifaa ndiyo iliyokuwa njia ya kupima: weka kingine, kama shida imeisha basi kilikuwa hicho. Kwa beringi hesabu hiyo inakubalika. Kwa kompyuta haikubaliki, maana kompyuta mpya ikiwekwa penye ubovu ulioiua ya kwanza, nayo itakufa, au itakaa kimya vilevile, na muuzaji atakuonyesha maandishi yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Muuzaji huyo kwa kawaida yuko Kirinyaga Road. Jina hilo limo kwenye vibao tangu baada ya uhuru, lakini midomoni mtaa ule na vichochoro vyake vinavyoteremka hadi Mto Nairobi bado ni Grogan, kwa ajili ya Ewart Grogan, mlowezi aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo kati ya 1898 na 1900. Hapo ndipo magari mengi ya nchi hii hupata spea zake, na ndipo Wanairobi hutaniana kwamba kioo cha pembeni ulichoibiwa jana utauziwa leo. Ndiyo maana wenye magari huchora namba za usajili kwenye taa na vioo. Kompyuta haina mahali pa kuchora, ikifika rafuni haina mwenyewe.

Ukishuka pale ukasema unataka kompyuta ya gia ya pikapu fulani, broka atakuwa amekushika mkono kabla hujamaliza sentensi. Atakuacha umeketi kwenye kistuli, atapotea kichochoroni, atarudi na visanduku vitatu vinavyofanana. "Boss, hii inaingia zote." Inaingia kweli, kwa maana ya soketi: plagi itakaa na boliti zitafika. Ila kwenye lebo kuna namba mbili, ya kifaa chenyewe na ya programu iliyomo, na tofauti ya herufi moja mwishoni yaweza kumaanisha injini nyingine, au giaboksi yenye gia tano badala ya sita. Anayekwenda Grogan na picha ya lebo ya kisanduku chake kwenye simu anafanya biashara. Anayekwenda na jina la gari anacheza kamari.

Kisha kuna neno "eks-Japani", ambalo kwa injini ya Toyota Fielder au Probox lina maana, kwa sababu magari hayo yalitumika Japani na huko ndiko yanakovunjwa. Kwa pikapu, mtu anapaswa kuinua nyusi. Toyota iliiondoa Hilux katika soko la Japani mwaka 2004 na haikuirudisha hadi 2017, na hata hiyo iliyorudi huundwa Thailand. Pikapu zilizotumika zinazotufikia hutoka zaidi katika nchi zinazoendesha kushoto kama sisi: Thailand, Uingereza, Australia, Afrika Kusini. Kompyuta iliyopitia Dubai, nayo, ina uwezekano mkubwa wa kuwa imetoka kwenye Hilux ya petroli, kwa kuwa huko Ghuba petroli ndiyo wanayoipenda, ilhali zetu nyingi ni za dizeli. Kisanduku kinaweza kuwa kizima kama siku kilipoundwa, na bado kisielewane na gari lako.

Lakini hayo yote yanakuja baadaye. Kwanza ni kupima, na kupima nilikuona vizuri katika gereji moja nyuma ya Dagoretti Corner, upande wa Naivasha Road, ambako dabo kebini inayobeba kabeji kutoka Kinangop hadi soko la Kangemi ilikuwa imeegeshwa boneti wazi. Mwenye gari, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu, alikuwa amesimama na simu mkononi.

"Kijana wangu, mimi nimeshaambiwa ni kompyuta. Kuna mtu ananingoja mjini na nyingine."

"Mzee, mwambie angoje kidogo. Nipe nusu saa."

"Na mzigo wangu?"

"Mzigo utafika. Pesa ikishafika Grogan, ndiyo hairudi."

Fundi yule hakuwa na mitambo ya kutisha. Alikuwa na mashine ya kusoma misimbo, mita ya mkononi, na balbu ya taa ya breki iliyounganishwa na vipande viwili vya waya. Alichomeka mashine kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, soketi ambayo Marekani ililazimisha kwenye magari yake mapya ya abiria kuanzia 1996 na ambayo leo imo karibu katika kila gari linaloshuka Mombasa. Misimbo miwili ikatokea: P0700 na U0101. Wa kwanza, alinieleza, hautaji ugonjwa. Unasema tu kwamba kompyuta ya gia iliwahi kulalamika. Wa pili ni mzito zaidi: kompyuta ya injini imeiita ya gia, haikuitikiwa.

"Sasa," akasema, "mtu akiitwa asiitike, amekufa? Au amelala? Au mlango umefungwa?"

Hapo ndipo wengi hukimbilia mjini. Yeye aliondoa terminali ya betri, akaweka ncha mbili za mita kwenye pini ya 6 na ya 14. Nyaya hizo mbili zilizosokotwa pamoja ndizo njia ambayo kompyuta nyingi za gari huzungumzia, mtindo ulioletwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986. Kila mwisho wa njia hiyo huwa na kizuizi cha omu 120, na viwili vikisomwa pamoja hutoa 60. Mita ikaonyesha 60. Njia ni nzima. Kama ingeonyesha 120, angejua huenda waya umekatika mahali na kisanduku hakina kosa.

Akarudisha betri, akachomoa plagi ya kompyuta ya gia, na badala ya kuchukua mita akachukua ile balbu. Nilimuuliza kwa nini. Akanionyesha: mita kwenye waya wa umeme ilisoma volti 12 na nukta, safi. Balbu, ikiungwa kati ya waya huo na bodi ya gari, ikawaka kweupe. Kisha akaiunga kati ya umeme wa betri na waya wa ethi wa kompyuta. Ikawaka rangi ya machungwa, hafifu. Waya ambao umebakiwa na uzi mmoja wa shaba utaidanganya mita, kwa kuwa mita hainywi umeme wa kutosha kuufichua. Balbu inakunywa, na kwake uzi mmoja hautoshi.

Alifuata waya ule kwa vidole, sentimita kwa sentimita, hadi akafika mahali penye kitobo kidogo kama cha sindano. Akakwangua ganda. Ndani shaba ilikuwa kijani, unga mtupu. Fundi fulani aliyetangulia alikuwa ameuchoma waya kwa ncha ya taa ya kupimia ili kujua kama una umeme, akaupata, akaondoka. Maji yakaingia kwa tundu lile, yakasafiri ndani ya ganda hadi kwenye plagi. Hilo ndilo jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kila gereji: waya wa gari la kisasa hautobolewi. Unapimwa kwa nyuma ya plagi, au kwenye pini yake.

Akakata kipande kilichooza, akaunga kingine, akachomelea kwa risasi na kuziba kwa mrija unaonywea kwa joto. Balbu ikawaka kweupe pande zote. Kisanduku kikarudishwa. Kimya bado. Ndipo akakifungua, na humo ndani, kwenye pini mbili zilizo karibu na pale maji yalipoingilia, palikuwa na unga mweupe, na njia nyembamba ya shaba kwenye bodi ilikuwa imeliwa ikakatika. Sasa kompyuta imekufa kweli, na tunajua ilivyokufa, na tunajua ijayo haitakufa hivyo. Mzee akapiga simu mjini. Fundi akamwambia asimamishe maneno ya bei hadi apige picha ya lebo.

Nimekaa sana kwenye nusu saa ile kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Kufungua boliti nne na kubadilisha kisanduku ni jambo la dakika chache, betri ikiwa imeondolewa. Kinachofuata ndicho kigumu, na ndicho kilichozaa aina mpya ya fundi mjini.

Huyu haji na toroli la spana. Anakuja kwa bodaboda, begi mgongoni, laptopu ndani. Kisanduku kilichotoka gari jingine kinabeba namba ya chesisi ya gari hilo, na katika magari mengi kompyuta ya injini ikiona namba ngeni hukataa kushirikiana nacho. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupakia programu rasmi ya mwundaji kupitia intaneti, yenye namba ya gari lako, jambo linalohitaji akaunti ya kulipia na leseni. Ya pili ni kukifungua kile cha zamani, kusoma kumbukumbu yake, na kuinakili neno kwa neno kwenye kile kipya, mradi kumbukumbu hiyo haijaguswa na maji. Mafundi wa mtaani hupendelea ya pili, kwa sababu ni rahisi na haihitaji kumbembeleza mtu. Mimi naiona ya kwanza kuwa bora pale inapowezekana, kwani programu rasmi huwa na masahihisho ya makosa ambayo nakala huyahamisha pamoja na mema.

Swali la nani ana haki ya kuipata programu hiyo halikuanzia Kenya. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliamua mwaka 2012 kwamba gereji za kawaida ziuziwe taarifa zilezile wanazopata mawakala wa waundaji. Kwetu, kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Ningependa kuona siku moja mtu akiiweka sheria hiyo mezani mbele ya risiti ya "hairudishwi".

Katika kupakia, adui ni umeme. Gari linawashwa swichi bila injini, feni na taa zinakunywa betri, na kazi ikikatika katikati kisanduku hugeuka kuwa jiwe. Fundi makini huunga chaja inayoshikilia volti zaidi ya 13 bila kuyumba, na kwa kuwa stima ya mtaani ina tabia ya kupotea bila kuaga, huweka betri ya pili sambamba na ile ya gari. Niliyemwona alizima hata redio, akafunga milango ili taa za ndani zisiwake, na akamkataza kila mtu kuligusa gari. Mzee wa kabeji alitaka kuchukua koti lake kiti cha nyuma. Akaambiwa avumilie baridi.

Programu ikiisha kuingia, gari haliwi tayari kwa mzigo papo hapo. Kompyuta haijui klachi za giaboksi hii zimelika kiasi gani, hivyo gia za mwanzo huingia kwa kishindo. Huendeshwa taratibu, bila mzigo, mafuta yakiwa yamepata joto, gia zipande na kushuka mara nyingi kwa mguu mwepesi hadi kompyuta ijifunze. Barabara ya kuelekea Kikuyu inafaa kwa somo hilo asubuhi ya Jumapili. Siku za kazi, na malori yale, usijaribu.

Kuhusu kinachoziua kompyuta hizi, Nairobi ina njia zake yenyewe. Kuosha gari kwa bomba la shinikizo ndiyo ya kwanza. Pikapu inarudi kutoka shambani imejaa matope, mwenyewe anasema "na injini pia", na maji yanayoweza kung'oa rangi yanaelekezwa kwenye plagi zilizozibwa kwa mpira mwembamba. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifanya hivyo kwa jumla, yakiyafikia hata magari yaliyokuwa yameegeshwa nyumbani. Ya pili ni welda. Pikapu ya kazi haikai hivyo ilivyotoka kiwandani. Inaongezwa kerea, inaongezwa chuma cha mbele, inaimarishwa bodi. Kijana wa welda anaunga ethi yake kwenye chesisi popote anapofikia, betri ingali imefungwa, na umeme wa mashine unatafuta njia ya kurudi kupitia nyaya zilizoundwa kubeba umeme mdogo tu. Ondoa terminali za betri, na uweke ethi ya welda karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Ya tatu ni kuamsha gari kwa nyaya za jirani, nyekundu ikaguswa na nyeusi gizani.

Watu wa kuyafundisha haya wapo. Kabete National Polytechnic, iliyo kando ya Waiyaki Way na iliyoanzishwa 1924 kufundisha kazi za mikono, hutoa mafunzo ya magari, na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, hutoa mitihani ya ufundi ya kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza kwa walioujua ufundi mtaani bila kuingia darasani. Fundi wetu wa Dagoretti Corner alipitia mtihani huo. Mita aliinunua mwenyewe, na balbu aliitoa kwenye gari lililokwisha kuvunjwa.

Pikapu ya kabeji iliondoka. Mzee alilipa, akalalamika kidogo kama ilivyo ada, kisha akauliza kile kisanduku kibovu kinatupwa wapi. Kabla fundi hajajibu, yule broka aliyeleta kipya, aliyekuwa bado amekalia bodaboda akingoja salio lake, alisema yeye atakinunua, na akataja bei. Kwa kisanduku kilichooza pini ilikuwa bei nzuri ajabu. Fundi alimtazama, akachukua nyundo, akakipiga mara mbili kwenye soketi, kisha akampa.

"Sasa nunua," akamwambia. "Kwa kilo."

Broka alicheka, akakirusha kwenye ndoo ya vyuma, akawasha pikipiki.